Nguzo ya Kinyozi Yenye Mistari Myekundu na Myeupe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukipita mbele ya saluni za kiume za kisasa mjini utaiona: bomba la kioo ukutani, ndani yake mistari myekundu, myeupe na ya bluu inazunguka kutwa kucha. Wengi huichukulia kuwa pambo la taa tu. Wengine wamesikia kwamba ina habari ya damu, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Haya ndiyo yanayoulizwa zaidi. Nimejaribu kutenga yenye ushahidi na zile hadithi tamu zinazopita mdomo kwa mdomo.

Alama hii ilianzia wapi?

Ulaya ya Magharibi, zama za kati, wakati kinyozi hakuwa mtu wa nywele na ndevu peke yake. Aling'oa meno, akatumbua majipu, akafunga vidonda, akaunga mifupa na, juu ya yote hayo, akawatoa watu damu. Daktari aliyesoma chuo kikuu alikuwa mchache na ghali, na kushika kisu aliona ni kazi ya mikono isiyomfaa mtu wa hadhi yake. Kwa mtu wa kawaida, mganga wa karibu alikuwa yule mwenye wembe.

Nguzo yenye mistari iliota mizizi zaidi Uingereza. Kumbuka kwamba wateja wengi hawakujua kusoma, hivyo duka lilijitambulisha kwa kitu kilichotundikwa nje: mipira mitatu ya rangi ya dhahabu kwa mkopeshaji wa rehani, kinu na mchi kwa muuza dawa. Kinyozi naye akatoa nje vyombo vyake vya kazi.

Kwa nini watu walikuwa wanatolewa damu?

Tiba ya wakati ule ilifuata mafundisho ya Wagiriki, Hippocrates na hasa Galen: mwili una maji manne, yaani damu, belghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na ugonjwa ni kuzidiana kwake. Homa, kichwa kuuma, macho mekundu, vyote vingeweza kusemwa ni damu imezidi. Dawa yake ni kuipunguza. Hata wazima walitolewa. Katika nyumba nyingi za watawa ilikuwa ratiba, mara kadhaa kwa mwaka, na baada yake mtawa alipewa siku za kupumzika na chakula kizuri kuliko cha kila siku. Si ajabu kwamba hawakulalamika sana.

Waliosoma tiba ya Kiyunani, iliyofika pwani yetu kupitia Waarabu, watayatambua mawazo haya mara moja. Chemchemi ni ileile.

Na fimbo iliingiaje hapo?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, kwa hiyo tuitazame kazi yenyewe.

Mgonjwa anaketi, mkono umenyooshwa. Kinyozi anaufunga kitambaa juu ya kiwiko na kukikaza. Kisha anampa fimbo aishike na kuifinya kwa nguvu. Akifinya, misuli inakaza na mishipa inatuna chini ya ngozi. Kinyozi anapapasa kwa kidole kwenye kikunjo cha kiwiko mpaka aupate mshipa, anautoboa kwa kijembe chenye ncha kali, na damu inarukia kwenye bakuli lililokingwa chini yake. Mgonjwa anaendelea kuizungusha fimbo kiganjani ili damu isikome mapema. Ikifika kiasi alichotaka kinyozi, kitambaa cha juu kinafunguliwa na bendeji inafungwa juu ya jeraha.

Aliyewahi kuchangia damu anaujua mchezo huu. Kile kimpira unachopewa ufinye ukiwa umelala kitandani kinafanya kazi ya fimbo ile.

Kwa hiyo vitu vitatu vilikuwa muhimu kwa kazi hii: fimbo, bendeji na bakuli. Chukua fimbo, izungushie bendeji, weka bakuli kwenye ncha, na alama yote iko mbele yako. Mgonjwa aliyeshika fimbo anaonekana kwenye michoro ya zamani ya Ulaya, na sehemu hii ya hadithi mimi naikubali bila wasiwasi.

Nimesikia bendeji zenye damu zilianikwa kwenye fimbo nje, upepo ukazisokota, na ndiyo asili ya mistari. Ni kweli?

Ndivyo inavyosimuliwa karibu kila mahali. Inawezekana kabisa bendeji zilifuliwa na kuanikwa, maana vitambaa vilikuwa mali na havikutupwa ovyo. Lakini habari ya upepo ni maelezo ya watu wa baadaye waliokuwa wakiitazama nguzo iliyokwisha kupakwa rangi na kujaribu kueleza mistari yake. Fimbo ichukue kama historia. Upepo uchukue kama simulizi, tena simulizi nzuri.

Ni kweli vinyozi wa London waliweka damu dirishani?

Kweli, na tunajua kwa sababu walikatazwa. Mwaka 1307 uongozi wa jiji la London uliamuru kwamba kinyozi yeyote asithubutu kuweka damu dirishani mwake mahali pa kuonwa na watu. Aichukue kwa siri akaimwage mto Thames. Atakayekaidi alipe faini ya shilingi 2.

Jaribu kuwaza mtaa wenyewe: mabakuli ya damu kwenye dirisha kama muuza juisi anavyopanga glasi zake, ili apitaye ajue humu mnatolewa damu. Ilikuwa tangazo. Baada ya amri ile kinyozi alihitaji njia safi zaidi ya kusema jambo lilelile, na nguzo iliijaza nafasi hiyo vizuri. Sisemi kwamba nguzo ilibuniwa kesho yake asubuhi. Nasema haja ilikuwepo.

Mwaka uliofuata, 1308, chama cha vinyozi wa London kinatajwa katika kumbukumbu za jiji, kiongozi wake akiwa Richard le Barber. Chama hicho kipo hadi leo na kina ukumbi wake katika eneo la jiji la kale, uliojengwa upya baada ya ule wa zamani kupigwa kwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili.

Je, ni Kanisa lililowapa vinyozi kazi hii kwa kuwakataza makasisi kumwaga damu?

Nusu ya habari hii ni sahihi. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa viongozi wa Kanisa wa mwaka 1215, ulikataza mapadri, mashemasi na mashemasi wadogo kufanya upasuaji wa kukata au kuchoma kwa moto. Kwa kuwa watawa na makasisi walikuwa miongoni mwa watu wachache wenye elimu ya tiba, katazo hilo liliwaachia nafasi watu wa kawaida, na vinyozi walikuwa tayari wanaingia kwenye nyumba za watawa kuwanyoa utosi.

Lakini ile sentensi maarufu kwamba “Kanisa linachukia damu”, inayodaiwa kutoka kwenye Mtaguso wa Tours wa mwaka 1163, haimo katika maamuzi ya mtaguso huo. Ilienezwa na waandishi wa karne ya 18. Mtaguso wa Tours ulishughulika na watawa waliokuwa wakitoroka nyumba zao kwenda kusomea tiba na sheria. Ukikutana na mwaka 1163 kwenye maelezo ya nguzo ya kinyozi, na utakutana nao sana, jua mwandishi amenakili kwa mwenzake.

Rangi zina maana gani?

Jibu la kawaida: nyekundu ni damu, nyeupe ni bendeji. Hapo hakuna ubishi mkubwa. Ubishi unaanza kwenye bluu.

Wapo wanaosema bluu ni mishipa inayorudisha damu moyoni, nyekundu ni ile inayoitoa. Ni maelezo yanayopendeza, ila yananuka darasa la baiolojia. Wengine wanasema bluu iliongezwa Marekani ili nguzo ifanane na bendera ya taifa, na ni kweli kwamba rangi tatu pamoja ndiyo sura iliyozoeleka huko, wakati Uingereza nyekundu na nyeupe zilitosha.

Ila bluu haikungoja Marekani. Mwaka 1797, katika Bunge la Malordi, muswada wa madaktari wapasuaji ukijadiliwa, Lord Thurlow alisimama akasema kwamba kwa sheria ambayo bado ilikuwa na nguvu, vinyozi na wapasuaji wote walitakiwa kuwa na nguzo: ya vinyozi iwe ya mistari ya bluu na nyeupe bila kingine chochote, na ya wapasuaji iwe hivyohivyo lakini na kikopo cha dawa na kitambaa chekundu juu yake. Thurlow alikuwa anawadhihaki wapasuaji waliojiona wamekuwa wakubwa, kwa hiyo msikilize kwa tahadhari. Hata hivyo maneno yake yanatuonyesha kwamba wasikilizaji wake wa Uingereza hawakushtuka kusikia bluu kwenye nguzo ya kinyozi.

Maoni yangu: rangi zilipakwa na mafundi kwa mazoea na kwa kupendeza macho, maana zikafuata nyuma.

Lile pira au kikombe cha juu ni nini?

Ni masalia ya bakuli. Nguzo nyingi za zamani zilikuwa na beseni la shaba kwenye ncha, na baadaye beseni likageuka kuwa kitufe cha mviringo tu. Baadhi ya watu husema la juu lilikuwa la kuwekea ruba na la chini la kukingia damu. Beseni la kinyozi lilikuwa na matumizi mengine ya kila siku: ukingo wake ulikatwa kwa mviringo ili shingo ya mteja iingie, povu la sabuni lisimwagikie nguo.

Ujerumani, Denmark na Norway hilo beseni ndilo lililokuwa alama yenyewe. Huko bado utaona visahani vya shaba vinavyoning'inia nje ya maduka ya vinyozi, bila nguzo wala mistari.

Vinyozi na wapasuaji waliachana lini?

Kwanza waliunganishwa. Mwaka 1540, chini ya Mfalme Henry VIII, Bunge la Uingereza liliunganisha chama cha vinyozi wa London na kile cha wapasuaji. Mchoraji Hans Holbein aliwachora, mfalme amekaa katikati kama mlima na wakuu wa chama wamepiga magoti pembeni. Chama kipya kilipewa maiti nne kwa mwaka za watu walionyongwa, kwa ajili ya kujifunzia viungo vya mwili.

Kuna jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita. Sheria hiyohiyo iliyowaunganisha iliwagawia kazi: mpasuaji asinyoe, na kinyozi wa London asifanye upasuaji wala kutoa damu, isipokuwa kung'oa meno. Maana yake ni kwamba kwa karne kadhaa nguzo ya damu ilisimama mbele ya maduka ambayo kisheria hayakuruhusiwa kutoa damu. Alama ilishinda kazi yake yenyewe. Vijijini, bila shaka, mambo yaliendelea kama kawaida.

Wapasuaji walijitoa mwaka 1745, na mwaka 1800 wakapata hati ya kifalme ya chuo chao London. Mpaka leo daktari mpasuaji wa Uingereza huitwa “Bwana” badala ya “Daktari”, na wengi wao wanajivunia. Ni kumbukumbu ya siku walizokuwa mafundi waliofunzwa kazini, si wasomi wa chuo kikuu.

Ufaransa nako kazi hizi mbili zilikuwa karibu. Ambroise Paré, anayetajwa kati ya waasisi wa upasuaji wa kisasa, alianza kama kinyozi. Kwenye vita vya Turin, mwaka 1537, mafuta ya moto ya kumwagia majeraha ya risasi yalimwishia, akapaka mchanganyiko wa kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini. Asubuhi akakuta waliopakwa wamelala vizuri na waliochomwa wana homa na maumivu. Hakurudia tena kuchoma, na baadaye akawahudumia wafalme wanne.

Kutoa damu kuliwasaidia wagonjwa?

Wengi hapana, na baadhi kuliwamaliza. George Washington alipougua koo Desemba 1799 alitolewa damu mara kadhaa ndani ya siku moja, kwa makadirio ya kawaida zaidi ya lita 2, akafa usiku huohuo. Huenda koo lingemuua hata hivyo, lakini damu ile haikumpa nafasi.

Ilichukua hesabu kuivunja imani hii. Pierre Louis, daktari wa Paris, aliwalinganisha wagonjwa wa nimonia waliotolewa damu mapema na waliocheleweshwa, na kitabu chake cha mwaka 1835 kilionyesha faida ilikuwa ndogo mno kuliko walivyoamini. Wakati huo Ufaransa ilikuwa imezama kwenye ruba: mwaka 1833 peke yake iliagiza zaidi ya milioni 40 kutoka nje.

Leo hospitali bado hutoa damu kwa magonjwa machache, mfano mwili unapolimbikiza chuma kupita kiasi. Na ruba wamerudi kwa mlango mwingine: Marekani iliidhinisha mwaka 2004 watumike kunyonya damu iliyotuama baada ya upasuaji wa kuunga viungo.

Je, ina uhusiano na hijama, yaani kuumika?

Si uhusiano wa nguzo, ila wa kazi. Katika nchi za Waarabu na Waturuki pia, mwenye wembe ndiye aliyenyoa, akaumika na mara nyingi akatahiri watoto. Kwetu pwani kazi ziligawanyika zaidi: kinyozi alinyoa, ngariba alitahiri, mwumikaji alikuja na chuku zake. Hakuna aliyetundika fimbo yenye mistari, maana kila mtu mtaani alijua nani ni nani.

Ukitaka kuumikwa leo, nenda kwa aliyefunzwa, na wembe ufunguliwe kwenye karatasi yake mbele ya macho yako. Hili halina mjadala, na wembe wa kunyolea ndevu ni vivyo hivyo.

Kwa nini mistari inaonekana kupanda juu wakati bomba linazunguka tu?

Jicho linadanganyika, na unaweza kulithibitisha mezani. Chora mistari ya mshazari kwenye karatasi, ikunje iwe bomba jembamba, kisha izungushe polepole kwa vidole. Hakuna kinachopanda, kila nukta inakwenda kando na kurudi. Lakini mstari hauna alama ya kuliongoza jicho, na kwa kuwa bomba ni refu kwenda juu, ubongo unachagua kuona mwendo unaofuata urefu huo. Izungushe upande wa pili, mistari itashuka. Mwanasaikolojia J. P. Guilford aliandika kuhusu mazingaombwe haya mwaka 1929, na mwanasaikolojia mwenzake Hans Wallach akayachambua mwaka 1935. Watafiti wa macho bado huyatumia.

Nani aliifanya izunguke, na nani anazitengeneza?

Nguzo za kuzunguka zilishamiri Marekani, mwanzo kwa mtambo wa kujaza ufunguo kama saa ya ukutani, kisha kwa mota ya umeme. Kampuni ya William Marvy ya St. Paul, Minnesota, iliyoanzishwa mwaka 1950, ilidumu katika kazi hii hata washindani wake wa Marekani walipofunga mmoja baada ya mwingine. Wanaume walipoanza kufuga nywele ndefu miaka ya 1960, biashara ya vinyozi ilidorora na ya nguzo ikadorora nayo. Nyingi zinazouzwa duniani sasa ni za taa za LED kutoka China.

Mashariki ya mbali ina maana hiyohiyo?

Japani ilianza kuhimiza wanaume waache mafundo ya nywele ya kisamurai mwaka 1871, na vinyozi wa mtindo wa Kimagharibi wakaenea pamoja na nguzo zao. Huko bado ni alama ya heshima. Korea Kusini ni habari nyingine: nguzo zilitumiwa na madanguro yaliyojificha kwa jina la vinyozi, na nguzo mbili zilizowekwa pamoja zilikuwa ishara inayoeleweka. Mgeni mwenye nywele ndefu na nia njema angeweza kuingia mahali asipopategemea.

Kwa nini vinyozi wa kwetu hawakuwa nayo tangu zamani?

Kwa sababu walikuwa na kitu bora, kwa maoni yangu. Kinyozi wa Afrika Mashariki alianzia chini ya mti, kiti kimoja na kioo kimefungwa kwenye shina, na hapo hahitaji bango. Alipopata kibanda akamwita mchoraji. Ukuta ukajaa vichwa: wa panki, wa kiduku, wa kipara kinachong'aa, huku sura za wanamuziki na wachezaji mpira zikiwa zimechorwa kwa mkono, nyingine zikifanana na wenyewe na nyingine zikihitaji jina liandikwe chini. Mteja anaonyesha kwa kidole, kazi inaanza. Nguzo ya Ulaya inakwambia humu kuna kinyozi. Ukuta wetu unakwambia utatoka vipi. Kinachosikitisha ni kwamba mabango ya kuchapishwa yanawanyang'anya wachoraji hao kazi, na picha ni zilezile kutoka kwenye intaneti mtaa hadi mtaa.

Nikitaka kuiweka kwenye saluni yangu, nahitaji ruhusa?

Alama yenyewe ni ya wote, haina mwenyewe wa kumlipa. Majimbo kadhaa ya Marekani yanakataza mtu asiye na leseni ya kinyozi kuitundika, na huko vinyozi na wasusi wamewahi kuvutana juu ya nani ana haki nayo. Kwako hapa, angalia kanuni za mabango za halmashauri au kaunti yako kama unavyofanya kwa bango lolote la nje.

Ushauri wa kiufundi ni mfupi. Nunua inayostahimili mvua kama itakaa nje, weka swichi yake peke yake, na uizime unapofunga. Inayozunguka usiku wa manane inawaambia watu uko kazini, nao watagonga.